Nilipoulizwa Meru ama Embu

Mwanamke ninayemfulia nguo kila Jumatano amepata uhamisho kazini, na wakubwa wake wamempa nafasi ya kuchagua: ahamie Meru ama abaki hapa Embu. Wiki mbili zilizopita, nikiwa nimeinama juu ya beseni, alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akaniuliza, "Wewe si umekaa miji yote miwili? Niambie ukweli, wapi kuzuri kuishi?"

Nilimwambia kote ni sawa, nikaendelea kusugua kola. Alicheka akasema ningefaa kuwa mwanasiasa. Hakuona mikono yangu, kwa sababu ilikuwa ndani ya povu. Swali hilo niliwahi kuulizwa mara moja, nikiwa na miaka saba. Nililijibu, na tangu hapo sijawahi kulijibu tena.

Jioni hiyo nilipokuwa narudi nyumbani nilipita mbele ya kisiagi kilicho karibu na soko, nikasimama bila kupenda. Unga ukitoka kwenye mashine huwa na joto kama la mwili wa mtu, na harufu yake haiwezi kufanana na ya unga wa dukani. Mimi nikiisikia humwona baba. Alifanya kazi ya kusaga mahindi Meru tangu kabla sijazaliwa. Alirudi nyumbani mweupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe, hata matundu ya masikio, na mama alimkataza kuingia mpaka akung'ute nguo nje. Unga huo ndio uliomkaa kifuani. Ni miezi miwili sasa tangu tumzike kwao Kanyakine.

Tulikaa kwenye ploti ya mabati, mteremkoni juu ya mto Kathita. Kuteremka kwetu kulikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye udongo mwekundu na kushikiliwa na matairi ya zamani, na mvua ikinyesha kila tairi lilikuwa bwawa dogo. Mto tuliusikia usiku na mchana. Mvua ilipoanza huko mlimani sauti yake ilibadilika kabla hata tone moja halijatufikia, na mama alitoka mbio kuanua nguo. Mwezi wa saba ukungu ulikaa siku nzima. Nguo zilikaushwa juu ya jiko, kwa hiyo shuleni sote tulinuka moshi na hakuna aliyemcheka mwenzake kwa hilo.

Walinicheka kwa mambo mengine. Kwetu mtoto hubeba jina la mtu. Dada yangu Kendi, kwa kuwa ndiye wa kwanza, alipewa jina la mama yake baba. Mimi wa pili nikapewa la mama yake mama, shosho wa Kibugu, upande wa Embu, na darasani jina langu lilikuwa kama kiatu kilichookotwa. Lakini nyumbani jina hilo lilikuwa kitu kikubwa. Baba alimwita Kendi "mama". Mama aliniita mimi "mami". Watu wa hizi pande za mlima wanajua kwamba huo si mzaha wala si uongo. Anayebeba jina hubeba na sehemu ya mwenye jina. Nikilia, mama aliniambia shosho hakuwa mtu wa kulialia. Nikikataa uji, alisema kweli huyu ni yeye, hata yeye uji haukumpendeza.

Baba naye alikuwa na lake. Mwanamume humheshimu mama mkwe wake mpaka akimwona njiani humwachia njia, na hali chakula mbele yake. Hilo baba aliligeuza mchezo. Tukikutana kwenye zile ngazi za matairi, alishuka pembeni akasimama kwenye nyasi, akavua kofia, unga ukamwagika mabegani, akatazama chini. "Pita, mama mkwe." Nikiingia anakula, aligeukia ukuta na sahani yake. Majirani walicheka, Kendi alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi sikucheka. Baba alibeba gunia la mahindi peke yake kutoka kwa lori mpaka kwa mashine, na mtu kama huyo alikuwa ananiogopa. Niliamini hivyo kabisa.

Kisha shosho akafa. Tulienda Kibugu kumzika, huko juu ambako majani ya chai yanafika mpaka ukingo wa msitu. Sikuwahi kupokewa vile maishani, na sijapokewa tena. Wanawake wazee walinishika mikono yote miwili wakaniita jina la shosho huku wakilia. Mmoja alinipa yai la kuchemsha lililokuwa bado na joto. Mwingine alifungua kitambaa chake cha kichwa akanifunga mimi, akasema, "Kumbe hujaenda." Niliwekwa mbele kabisa, karibu na kaburi. Mimi ambaye darasani nikiambiwa nisome kwa sauti, sauti ilikuwa inakataa kutoka. Nilirudi Meru na kile kitambaa kichwani, nikijua kwamba kuna mahali ambapo mimi ni mtu mzima.

Baada ya mazishi mama hakuwa yule. Jioni, baba akishakung'uta nguo, wakaanza kuipima miji. Mama alisema Embu kuna jua, nguo hukauka siku hiyo hiyo. Baba alisema jua la Embu ndilo linalokausha mahindi ya watu shambani. Mama alisema Embu kuna barabara zenye mijakaranda, ikichanua unatembea juu ya maua. Baba alisema maua hayaliwi. Mama alisema ukungu wa Meru umemwingia mifupani. Baba akajibu kwamba ukungu huo ndio unaolisha ndizi anazokula. Hata mito waliipima, Kathita na Rupingazi, upi maji yake ni safi, na hakuna aliyekubali kushindwa. Siku moja mama alisema Embu angekuwa karibu na watu wake. Baba aliuliza polepole, "Na hapa, sisi ni nani?"

Nilidhani kweli ni habari ya miji. Nikaona nisaidie. Asubuhi moja nilimwambia baba kwamba hata Embu kuna visiagi, niliviona tukienda mazishini, kwa hiyo asiogope kukosa kazi. Alinitazama, mkono kwenye kofia. "Najua, mama mkwe," akasema, akaenda.

Jumamosi moja mama alinichukua kufua mtoni. Kulikuwa na jiwe pana, lililolainishwa na nguo za watu wengi, na tulilipata bila mtu. Mama alifua shuka mbili. Halafu akaacha, akakaa, sabuni mkononi.

"Mami," akasema. "Wewe unasemaje? Tubaki Meru ama twende Embu?"

Hakuwa akitabasamu. Alinitazama vile alivyokuwa akimtazama shosho alipokuwa akimuuliza habari za mimba ama za mbegu, na mimi nikaona kwamba sasa kazi ya jina langu imefika. Nilifikiria yai. Nilifikiria wale wanawake wazee. Baba sikumfikiria, kwa sababu baba alikuwa baba, angekuja popote tulipo kama miguu inavyokuja na mtu.

"Embu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Huko watu wananijua."

Alikamua shuka, akakamua tena hata pale ambapo hakuna maji yaliyokuwa yakitoka. "Sawa, mami," akasema.

Tuliondoka kabla ya wiki mbili kwisha. Kendi alikataa kwenda. Alikuwa na miaka kumi na moja na alisema kama sisi tumechoka na Meru, yeye hajachoka, na nani atampikia baba? Mama hakumlazimisha. Nimefikiria sana siku hiyo tangu nipate akili, na naona ilikwenda vile majina yalivyokuwa yametugawa tangu zamani: baba akabaki na mama yake, na mama akaondoka na mama yake.

Baba ndiye aliyebeba godoro letu mpaka barabarani. Mimi nilikuwa napanda na birika, yeye anarudi mikono mitupu, tukakutana kwenye ngazi. Alishuka kwenye nyasi. Akavua kofia. Majirani walikuwa milangoni na hakuna aliyecheka. "Pita, mama mkwe," akasema, na sauti haikuwa ya mchezo, na hiyo ndiyo iliyonihakikishia kwamba haujawahi kuwa mchezo. Nilitaka kumshika mguu. Lakini mama mkwe hamgusi mkwe wake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeamua safari. Nilipita nikitazama mbele, birika likigonga goti langu. Hakunigusa na mimi sikumgusa.

Chumba chetu cha Embu kilikuwa upande wa chini, si mbali na Rupingazi. Asubuhi ya kwanza niliamka nikasikia mto, nikanyoosha mkono kutafuta miguu ya Kendi, kwa maana tulilala mmoja kichwa huku, mwingine kule. Nilishika ukuta. Nilitoka nje nikangoja wale wanawake wazee. Nilikuwa nimefunga kile kitambaa. Watu walipita wakienda kazini, mmoja akaniuliza kama nimepotea. Wale wazee walikuwa Kibugu, na Kibugu si mjini. Mjini hakuna aliyejua jina langu ni la nani. Mijakaranda nayo haikuwa na ua hata moja. Ilikuwa miti tu.

Mama alipata kazi ya kufua nguo za watu, hii ninayoifanya mimi sasa. Kweli zilikauka siku hiyo hiyo. Lakini zaidi ya jua, kila nilichotafuta kilikuwa kile kile. Udongo ule ule mwekundu kwenye viatu, mikaratusi ile ile, wanawake wale wale wakiuza ndizi chini ya mwavuli, wazee wenye makoti na kofia hata wakati wa joto. Tofauti niliyoijua ni mlima, kwa kuwa Meru niliuona upande huu na Embu niliuona upande ule, na nikajua kila mji una mlima wake. Nilisema hivyo darasani, siku moja ambayo sauti ilikubali kutoka, na darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alichora mlima mmoja ubaoni, na mito ikishuka pande zote kama nywele. Kathita hapa, akasema, Rupingazi hapa, na yote miwili huishia kwenye mto Tana, huko chini kwenye joto. Nilitazama ile mistari ya chaki. Kwa hiyo tulikuwa tumehama kutoka upande mmoja wa kitu kwenda upande mwingine wa kitu hicho hicho. Ni hilo tu tulilokuwa tumefanya.

Kendi alikuja likizo za mwezi wa nane, na kitu cha kwanza kilikuwa mashindano. Yeye alisema sisi tuko na makumbusho. Mimi nikasema sisi tuko na jua. Yeye akasema Meru ni mji mkubwa, usiku una taa mpaka Makutano. Mimi nikasema Embu barabara zake hazipandi kama ukuta. Kendi alishinda kila mara, kwa sababu mwisho alisema, "Sisi tuko na baba."

Baba alikuja Embu mara moja. Nilikuwa darasa la nne. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amekaa juu ya mtungi wa plastiki mbele ya mlango wetu, na karibu nimpite. Bila unga alikuwa mweusi na mdogo, na niliona kwamba nywele nyeupe zilizobaki kichwani ni zake mwenyewe. Alikuwa na mkungu wa ndizi na mfuko wa unga aliousaga mwenyewe. Nilifungua mlango, akakataa kuingia, akasema mtu haingii kwa mama mkwe wake hivi hivi. Nilimletea maji. Aliyanywa, akafuta mdomo, akatazama chini vile alivyozoea.

"Mama mkwe, nimekuja kwako," akasema. "Mwambie mtoto wako arudi nyumbani. Akikataa, nitumie neno. Likitoka kwako nitakubali."

Akacheka kidogo, akakohoa sana. Nilikuwa nimesimama na kikombe. Alingoja mpaka jua likaelekea kushuka, akasema mashine haina mtu kesho, akaondoka akifuata barabara ya daraja.

Mama alirudi si muda mrefu baadaye. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kwa maji. Aliona ndizi. Alisimama.

"Baba yako amekuja?"

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

Nilikuwa nimelipanga lile neno lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lakini nilitazama vile vidole nikakumbuka jiwe la Kathita. Nilikuwa nimesema neno moja siku ile, na dada yangu akabaki kule, na baba akasimama kwenye nyasi. Nikisema tena, ni nini kingine kitavunjika? Wakubwa walikuwa wananipa vitu vizito kushika na mimi tayari nilikuwa nimeangusha kimoja.

"Hakuna," nikasema. "Ameleta ndizi tu."

Mama aliuchukua mkungu akauweka pembeni. Tulikula ndizi hizo zaidi ya wiki. Nyingine ziliiva tukashindwa kuzimaliza.

Baada ya hapo nilimwona baba mara chache, katikati ya watu, harusi moja, mazishi mawili. Kila mara aliniachia njia. Kila mara alinitazama kidogo zaidi ya ilivyopasa, kama mtu anayengoja kurudishiwa chenji yake dukani na hataki kudai. Mimi niliinamisha kichwa. Nilijiambia kwamba amesahau, kwamba ulikuwa utani wake tu.

Siku ya kumzika, jeneza lilishushwa kwenye njia nyembamba katikati ya migomba. Watu waliotangulia walisogea. Nilipoliona linanijia nilishuka kwenye nyasi, nikavua kitambaa, nikatazama chini mpaka lilipopita. Kendi aliniona. Baadaye, tukiosha vikombe, aliniambia bila kunitazama, "Unajua miaka yote hiyo nikitoka kwenu aliniuliza nini? 'Mama mkwe hajatuma neno?' Mimi nilidhani anatania."

Hilo sikumwambia mtu. Nilirudi nalo Embu nikafua nalo. Mpaka siku ile ya swali na ya harufu ya unga. Nilifika nyumbani, mama alikuwa anakunja nguo za wateja. Siku hizi magoti yake hayamruhusu kufua, anapiga pasi tu. Nikakaa kitandani nikamwambia. Nilimwambia ile siku ya ndizi, neno lote la baba, kutoka mwanzo mpaka mwisho, vile nilivyokuwa nimelipanga. Lilikuwa bado zima.

Aliendelea kukunja shati. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilikuuliza alisema nini," akasema. "Ukasema hakuna. Nikajiambia, kumbe amepanda gari mpaka huku na hata kuniomba ameshindwa."

"Ungerudi?"

Alifikiria kweli. Namshukuru kwa hilo, kwamba hakunipa jibu la kunituliza. "Sijui," akasema. "Pengine. Sijui." Kisha akaliweka lile shati chini. "Siku ile mtoni, mama yangu alikuwa ndani ya udongo wiki sita. Nilikuwa na neno la kumuuliza na hakuna mahali pa kuliuliza. Nikakuuliza wewe. Hukuwa mama yangu. Ulikuwa mtoto wangu."

Kwa maisha yangu yote hakuwa ameniita hivyo. Nilingoja nisikie kitu kikiondoka kifuani. Hakikuondoka. Nilichukua rundo la mashati nikaanza kumsaidia kukunja.

Jumatano iliyofuata nilirudi kwa yule mwanamke. Nilipoanika nguo ya mwisho alikuja tena uani, akasema bado hajaamua, na Ijumaa wanataka jibu. Safari hii nilimwambia ninayoyajua. Nilimwambia Meru abebe blanketi nzito, na ya pili, na mwezi wa saba asitegemee nguo kukauka. Nilimwambia Embu kuna jua lakini maji ya mfereji hukatika. Nilimwambia kwamba kote atasikia mto, kama atapata nyumba upande wa chini. Alisikiliza, akasema kumbe mimi naweza kuongea.

Binti yake, wa miaka sita ama saba, alikuwa amekaa kwenye kizingiti akivunja vibanio vya nguo na kuviunga. Ana jina la bibi yake, nimemsikia mama yake akimwita "mami". Mwanamke alimgeukia akicheka, akasema, "Acha basi nimuulize mkubwa wangu huyu, ndiye mwenye uamuzi. Eti mami, twende Meru ama tubaki Embu?"

Mtoto aliacha vibanio. Akakaa wima, akafikiria, mdomo ukaanza kufunguka.

"Usimuulize," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko niliyodhani ninayo. Mwanamke alinitazama. Mtoto naye alinitazama, amekasirika kidogo, kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. Niliinama nikaokota kibanio kimoja kilichokuwa kimeruka mpaka miguuni pangu, nikamrudishia.